Waliousikia "Mwaitwa" Mara ya Kwanza

Kabla ya wimbo ule, Beatrisi hakujulikana kwa jambo lolote isipokuwa mikono yake. Alikuwa msusi wetu hapa Nguvumali. Ulikuwa unakaa mbele yake na kichwa kinauma, unainuka kimepoa, na nywele zimekaa wiki tatu. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga na mama yake, Mama Consolata, Mbondei aliyemaliza nguvu zake kwenye mashamba ya mkonge na sasa alishinda kibarazani akichambua mchele. Beatrisi aliwahi kuolewa Muheza. Ndoa haikukaa, akarudi kwa mama yake bila mtoto na bila maneno mengi. Jumapili aliimba kwaya ya Kilutheri, sauti ya pili, mstari wa nyuma.

Aliyemtoa mstari wa nyuma ni Asaad. Familia ya Asaad ni Waarabu wenye duka la vitambaa kule Ngamiani, na nyuma ya duka yeye alikuwa na studio yake, chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro ya zamani na mabaki ya mapazia. Alirekodi kaswida na nyimbo za harusi. Siku moja alimleta mama yake, Bi Nada, kusukwa, akamsikia Beatrisi akiguna wimbo kooni. Akamwomba aje arekodi. Mwanzo Beatrisi alicheka. Kisha, miezi mingi baadaye, alitokea mwenyewe mlangoni na kitana mkononi.

Asaad alitaka kuanza na ngoma. Beatrisi akakataa. Alipitisha ukucha kwenye meno ya kitana, taratibu, krrr, krrr, akasema hiyo ndiyo ngoma. Kisha akaanza kuita. Hakuimba kama watu wanavyoimba. Aliita kama mama anavyosimama nje ya nyumba jioni chakula kikiwa tayari: "Manase, mwaitwa." Akanyamaza. Kitana kikaendelea peke yake. "Anastazia, mwaitwa." Akanyamaza tena. Halafu Robert, halafu Anold. Kila baada ya jina palikuwa na kimya kirefu kuliko cha jina lililotangulia, na baada ya jina la mwisho hata kitana kilinyamaza.

"Kwenye hivi vimya tuweke nini?" Asaad aliuliza. "Kinanda kidogo?"

"Usiweke kitu. Hapo ni pa kuitikia."

"Nani aitikie?"

 Kabla Asaad hajajibiwa, Bi Nada alisukuma mlango akiwa amejifunga ushungi wake wa sala.

"Asaad, nani huyo anaita watu humu ndani?"

"Ni wimbo, mama."

"Zima. Magharibi imeingia. Watu hawaitwi hivyo saa hizi."

Asaad alizima. Lakini alikuwa ameshapata alichokitaka, na wiki iliyofuata wimbo uliwekwa mtandaoni, jina lake "Mwaitwa", na picha ya kitana juu ya meza.

Siku za kwanza uliwashinda watu kuuelewa. Mtangazaji wa asubuhi hapa mjini, Sabiri, kijana mwenye kicheko kinachomtangulia, aliupiga redioni baada ya taarifa ya habari. Ulipofika kwenye kimya cha pili, fundi mitambo aliingia studioni mbio akidhani matangazo yamekatika. Sabiri akacheka hewani.

"Wasikilizaji, samahanini, mitambo ni mizima. Ni huyu dada yetu wa Nguvumali. Anaita watu, kisha ananyamaza. Sasa tucheze vipi? Tukae tuone nani ataitika?"

Simu zikaanza kuingia. Mama mmoja wa Chumbageni aliomba urudiwe. Mzee mmoja alisema huo si muziki, ni mtu kutangaza msiba kabla ya msiba. Msichana mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake ameusikia akiwa jikoni na sasa amekaa sakafuni analia, hataki kusema kwa nini, tafadhali msiurudie. Sabiri hakucheka tena. Akaweka taarabu.

Kule kanisani, mwalimu wa kwaya, Mzee Abrahamu, alimsubiri Beatrisi mlangoni baada ya ibada.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimeusikia wimbo wako." Alifunga kitabu chake cha nyimbo. "Sauti umeiweka vizuri. Lakini wimbo ule hauna Amina. Umefungua mlango ukauacha wazi. Pumzika kwaya kwa muda, watu watulie."

Mwingine aliyesema lake alikuwa Castory, anayeishi Dar es Salaam na kuandika juu ya muziki kwenye ukurasa unaosomwa na watu wengi sana. Aliandika hivi: "Sijui kama huu ni muziki. Hauna kiitikio, hauna mdundo wa kuchezea, na mara mbili nilidhani simu yangu imezima. Nimeusikiliza taa zote zikiwa zinawaka. Mwimbaji hana haraka, na hicho ndicho kinachotisha. Anaita kama mtu mwenye hakika kwamba siku moja ataitikiwa." Chini yake watu waliandika mamia ya maneno. Wengine walicheka. Wengine waliapa hawatausikiliza wakiwa peke yao. Mmoja, hakuna anayemjua, aliandika: "Jina lako likitajwa humo, usiitike." Hayo maneno hayakuwemo kwenye wimbo. Lakini baada ya siku chache ungedhani yamo, maana kila mtu aliyasema.

Sisi wateja wake tulimuuliza majina yale ni ya akina nani. Alituinamisha vichwa akasema, "Tulia, nitakukwaruza."

Ilikuwa katikati ya masika Manase alipokufa. Huyu alikuwa kijana wa Kigombe, fundi wa kuchimba visima. Alikuwa chini ya kisima huko Mwera, udongo ulikuwa umelewa mvua, ukamshukia. Wenzake walichimba kwa mikono mpaka mchana. Ajali kama hiyo hutokea, na mwaka mwingine ingesemwa wiki moja ikaisha. Lakini mmoja wa waliokuwepo alisema simu ya Manase, iliyokuwa ndani ya shati lake lililotundikwa juu ya mti, ililia muda mfupi kabla ya udongo kushuka, na mlio wake ulikuwa wimbo ule. Mwingine alisema hapana, Manase hakuwa na simu siku hiyo. Huyo wa pili hakuna aliyemsikiliza.

Kabla ya mazishi, mwalimu mmoja hapa mtaani, Anastazia, alibanwa na pumu akakimbizwa hospitali. Alitoka baada ya siku mbili, anatembea mwenyewe. Haikusaidia. Watu walishahesabu: wa kwanza amekwenda, wa pili ameponea, wamebaki wawili. Akina Robert walianza kujitambulisha kwa majina ya baba zao. Kinyozi wetu Anold alifuta jina lake kwenye bango la duka.

Beatrisi aliposema anakwenda Kigombe msibani, mama yake aliweka ungo chini.

"Unakwenda kufanya nini, mwanangu? Watakula nyama yako."

"Ningekaa hapa wangesema nimejificha."

"Basi jifiche. Kujificha si dhambi."

Alikwenda. Kule nyuma ya Kigombe ndiko kwenye kambi ya wakata mkonge alikozaliwa, na nyumba ya msiba ilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Alikuta wanawake kwenye mikeka chini ya turubai, mvua ikidondoka pembeni. Alipovua viatu, maongezi yalikatika kuanzia mkeka wa mbele hadi wa nyuma. Mtu akasema, bila kunong'ona, "Ndiye huyo." Mwanamume mmoja akainuka na kumwambia arudi alikotoka kabla hajafukuzwa.

"Mwacheni." Aliyesema hivyo alikuwa Ruthi, mama wa marehemu. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kanga kichwani, macho makavu. "Njoo hapa. Wewe ndiye unayemwita mwanangu?"

Beatrisi alipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, mama. Si yeye ninayemwita. Ni Manase mwingine. Alikufa zamani, tukiwa watoto."

"Manase wa wapi?"

"Wa kambini hapa hapa. Mwaka wa kipindupindu."

Ndipo aliposema kile alichokuwa akitunyima sisi siku zote. Alikuwa na umri wa miaka tisa. Mvua zilifurika vyoo vya kambi, maji yakaingia kisimani, na katika mstari wao wa nyumba watoto wanne aliokuwa akicheza nao walikufa kabla mwezi haujaisha. Manase, Anastazia, Robert, Anold. Yeye aliugua akapona. Na mama yake Anastazia, baada ya kuzika, aliendelea kutoka nje kila jioni na kuwaita wote wanne waje kula, kila mmoja kwa jina lake, kisha anasimama anasikiliza. Hakuna mtu wa kambi aliyethubutu kumwambia anyamaze. Mama Consolata alikuwa akimziba Beatrisi masikio kwa viganja. Hata hivyo alisikia, na hakuacha kusikia. "Nilidhani nikiuimba mwito ule utanitoka," alisema.

Ruthi aliacha ukuta, akamsogelea. 

"Yule Manase namjua," alisema. "Mimi nilijifungua mwaka uliofuata. Mama yake alikuja kwangu akaniomba nimpe mwanangu jina la mwanawe, ili jina lisipotee. Nikampa."

 Haya Beatrisi aliniambia mwenyewe baadaye. Alikuwa amekuja kuwaeleza kwamba hakuna uhusiano, na uhusiano ulikuwepo, umekaa mbele yake na kanga kichwani.

"Basi mwite," Ruthi akasema.

"Mama, siwezi."

"Umemwita mbele ya dunia nzima, utashindwa kumwita mbele yangu? Mwite. Nataka nimsikie akiitwa na mtu, maana mimi sauti haitoki."

Beatrisi akamwita. Hakuwa na kitana, hakuwa na chochote. "Manase, mwaitwa." Kikaja kimya. Mvua ilikuwa ikipiga turubai. Ruthi aliinamisha kichwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu wamlete mwanawe, na wanawake wote wakalia naye. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona kilio kama kile, kilikuwa kama kufunguliwa. Ruthi alimshika Beatrisi mkono akamwambia asante. Hilo nalisema kwa sababu halikusimuliwa sana.

Kilichosimuliwa ni video. Mtu alikuwa ameinua simu nyuma ya mikeka. Ilionyesha mgongo wa Beatrisi, sauti yake ikiita, halafu vilio. Mazungumzo ya kabla yake hayakuwemo, wala ile asante. Kufikia jioni ilikuwa kwenye kila kundi la simu kuanzia Pangani hadi Horohoro, na maandishi yake yalikuwa: "Amemfuata hadi kwenye maiti."

Beatrisi alimpigia Castory. Asaad ndiye aliyempatia namba. Alimweleza habari yote ya kambi na akamwomba aiandike.

"Dada," Castory alisema, "nikiandika kwamba ni majina ya waliokufa, unajua watakachosema?"

"Andika ukweli."

"Ukweli huo hautakusaidia."

"Andika."

Akaandika, na vizuri kabisa, kwa heshima. Watu walisoma mstari mmoja tu, kwamba majina yale ni ya waliokufa. Waliosema Beatrisi anaua kwa kutaja majina sasa walisema anawaita wafu waje kuchukua majina yao. Kichwa cha habari alichoweka Castory kilivutia watu mno, na nadhani aliogopa baadaye alichokifanya, maana aliacha kupokea simu.

Wateja walipungua, lakini hawakuisha, na hapo ndipo pa kutisha zaidi. Walianza kuja wageni. Mwanamke mmoja alishuka kwenye bajaji mchana kweupe, amevaa vizuri, ananukia udi. Akaomba asukwe twende kilioni, ule msuko rahisi wa kuelekea nyuma ambao hata mtoto anaweza kuusuka. Beatrisi alianza. Walipofika katikati ya kichwa, mwanamke alisema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari:

"Ukiimba mwingine, naomba utie jina moja. Ni la mke mwenzangu."

Mikono ya Beatrisi ilisimama.

"Si lazima uliseme kwa nguvu. Hata kwa mbali."

"Mimi siwaitii watu kifo, dada yangu."

"Hakuna aliyesema kifo," mwanamke akajibu, na kwenye kioo Beatrisi aliona anatabasamu. "Umwite tu."

Alimaliza kumsuka kwa sababu hakujua namna ya kuacha nusu ya kichwa. Baada ya huyo alikuja mwingine, akitaka jina la bosi wake. Kisha mwanamume mzima wa heshima aliyesimama mlangoni na kutaja jina la ndugu yake wa tumbo moja. Beatrisi alituambia kwamba matusi hayakuwa yakimwamsha usiku. Kilichomwamsha ni ule upole waliomwendea nao.

Aliwakatalia wote. Lakini hawakuhitaji ridhaa yake. Siku hizi kuna programu za simu za akili mnemba zinazoiga sauti ya mtu yeyote ukiipa sampuli kidogo, na sauti ya Beatrisi ilikuwa mikononi mwa kila mtu, safi, bila ngoma ya kuifunika. Zikaanza kusambaa sauti fupi fupi. Kitana, kisha jina, kisha "mwaitwa", kisha kimya. Mfanyabiashara wa samaki alitumiwa yenye jina lake. Msichana aliyeachana na mchumba alitumiwa yake. Diwani alitumiwa, akapeleka polisi, na polisi wakamwita Beatrisi kumhoji juu ya maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Yeye mwenyewe aliposikilizishwa pale kaunta alishindwa kuikana sauti. "Ni mimi," alisema, "lakini sijasema." Askari aliandika sehemu ya kwanza.

Asaad aliuondoa wimbo mtandaoni siku hiyo hiyo. Ilikuwa kama kufunga geti ng'ombe wameshatoka. Sauti zile zilikuwa zinazaana zenyewe. Mtu akaandika kwa makaa kwenye ukuta wa saluni: USITUITE.

Lililomwangusha lilikuja siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri. Beatrisi alikuwa amekwenda sokoni Mgandini kununua dagaa. Mama Consolata alikuwa kibarazani na ungo wake. Nyumba yetu inatazamana na yao, na mimi nilikuwa nafua. Niliisikia sauti ya Beatrisi ikitokea nyuma ya ua, upande wa kichochoro: "Consolata, mwaitwa."

Hata mimi nilidhani ni yeye. Kisha nikajiuliza, tangu lini Beatrisi anamwita mama yake kwa jina?

Mama Consolata hakujiuliza. Au alijiuliza, na akadhani anayeita si mwanawe, ni yule mama wa kambini, ambaye zamani yeye alimzibia mwanawe masikio asimsikie. Sijui. Niliona ungo unaanguka na mchele unamwagika. Aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akasema, "Abee, nakuja," akatoka kwenye kibaraza mahali pasipo na ngazi. Nilikimbia na sabuni mikononi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Kule kichochoroni nilisikia kicheko na miguu ikikimbia, na nilipochungulia hapakuwa na mtu.

Mama Consolata hakufa. Alilala wodini hadi kipupwe, akarudi kwa machela, na hajasimama tena. Aliyepiga sauti ile hajajulikana. Wapo wanaosema tunamjua sote. Akina Robert na akina Anold wa mji huu wako hai mpaka leo ninaposimulia, na Anold amepaka tena jina lake dukani, lakini hayo hayakumrudisha mtu hata mmoja kumwomba radhi Beatrisi.

Alifunga saluni akahama na mama yake kwenda Muheza kwa wajomba. Mwezi huo huo Castory aliandika tena. Safari hii alisema alikosea mwanzoni, kwamba "Mwaitwa" ndio wimbo bora kuliko nyimbo zote za mwaka, na akaomba yeyote anayejua alipo mwimbaji amwambie kuna watu Nairobi na Zanzibar wanataka kumsikia. Asaad alimpelekea Beatrisi habari hizo mwenyewe. Alimsomea yote. Beatrisi alikuwa anamsuka mtoto wa jirani kwenye mkeka, akamwomba amsogezee uzi.

Nilikwenda kuwatembelea mwishoni mwa mwaka. Nilimkuta amekonda lakini mikono ni ile ile. Mchana chakula kilipoiva alipakua ubwabwa, akafunika sahani, akapita uani hadi chumba cha mama yake bila kusema neno. Nilimfuata. Mama Consolata alikuwa amelala ameelekea ukutani, yu macho.

"Mbona humwiti?" nilimuuliza kwa kunong'ona.

"Haitiki tena," alisema. "Akisikia sauti yangu bila kuniona, anajifunika shuka anatetemeka. Lazima nifike kwanza, nimguse bega, aone uso."

Akaweka sahani chini, akapiga magoti kando ya kitanda, na akanyoosha mkono.